Historia Fupi ya Mafunzo ya Ufundi kwa Vijana Wetu



Hesabu ya mfuko wa karo mmekwisha kuiona katika kurasa zilizotangulia. Kurasa hizi tumezitenga kwa shauri moja lililotutatiza katika mkutano mkuu uliopita. Ilipendekezwa kwamba thuluthi moja ya mfuko huo, ambao tangu kuanzishwa kwake umelipia shule za sekondari na vyuo vikuu peke yake, itumike kuwalipia vijana wanaojifunza ufundi. Mzee mmoja alisimama akapinga. Alisema, "Elimu ya nyundo ndiyo tuliyopewa na wakoloni ili tusiipate ile nyingine. Je, leo sisi wenyewe tuwape wajukuu wetu kile tulichokikataa?" Mkutano ulinyamaza, na shauri likaahirishwa. Kamati iliona si haki kulijibu neno zito kama hilo kwa kura tu. Kwa hiyo twaileta habari yenyewe tangu mwanzo, ili kila mwanachama aipime kabla ya kuinua mkono.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba ufundi haukuletwa na meli. Wakikuyu waliosha mchanga mweusi wa mitoni, wakauyeyusha na kupata chuma. Wahunzi wa Kikamba walisifiwa kwa mikufu yao myembamba. Huko Lamu na Matondoni mafundi waliunda majahazi pasipo kuchora kitu karatasini. Kijana alijifunza kwa baba yake au mjomba wake, akianza kwa kuvuta mivuo na kuokota vipande, mpaka siku alipoaminiwa kushika nyundo. Wala mhunzi hakudharauliwa. Laana yake iliogopwa, na neno lake lilisikizwa.

Mafunzo ya namna ya kigeni yalianza na misheni. Mwaka 1875 Freretown, karibu na Mombasa, ilianzishwa kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani. Baadhi ya waliokuja kuishi huko walikuwa wamekwisha kufunzwa kazi za mikono huko Nasik, katika India, na watu hao walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa nchi hii kuujua ufundi wa karakana pamoja na kusoma na kuandika.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Wafanya kazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na miongoni mwao walikuwamo waashi, maseremala na wahunzi. Serikali iliona ni wepesi zaidi kumleta fundi aliyekwisha kujua kazi kuliko kumfundisha mwenyeji. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki walifungua karakana zao na kuwarithisha watoto wao ujuzi. Hatusemi haya kwa kuwalaumu, maana wengi wa mafundi wetu wa kwanza walijifunza kwa kuwatazama. Lakini ngazi ilikuwa imekwisha kupangwa: Mzungu msimamizi, Mhindi fundi, Mwafrika mshika koleo.

Mwaka 1909 Profesa Fraser aliishauri serikali kwamba Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono. Idara ya Elimu ilianzishwa mwaka 1911, na misheni zikawa zikipewa fedha kwa ajili ya vijana waliojifunza ufundi. Mwaka 1924 kilianzishwa kituo kikubwa cha serikali huko Kabete, ambako vijana walitia sahihi mkataba wakajifunza useremala, uashi na uhunzi. Mwaka uo huo Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika ya Mashariki, na ndani yake alikuwamo Mwafrika mashuhuri, James Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Tume hiyo nayo ilisifu elimu iliyofungamana na kazi na maisha ya kijijini.

Hapa ndipo mzee wetu anaposema kweli, na yatupasa kuikiri. Elimu hiyo haikutolewa iwe mkono wa pili wa elimu ya kitabu. Mara nyingi ilitolewa mahali pake. Wazazi waliona watoto wao wakifyatua matofali mchana kutwa, hali Kiingereza na hesabu vikipewa saa chache. Waliona pia kwamba karani aliheshimiwa na kulipwa, na fundi aliitwa "boi" hata akiwa na mvi. Ndiyo maana wazee wetu walichanga senti zao wakajenga shule zao wenyewe, na mwaka 1939 chuo cha walimu cha Githunguri kikaanzishwa. Hawakuichukia randa wala patasi. Walichokataa ni mlango mmoja kufungwa ili mwingine ufunguliwe.

Na mshahara ulitangaza jambo lilo hilo waziwazi. Hata mwaka 1948 Tume ya Holmes ilishikilia kwamba asiye Mzungu, akifanya kazi ya serikali iliyo sawa na ya Mzungu, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Ni Tume ya Lidbury, mwaka 1954, iliyopendekeza desturi hiyo iondolewe. Mmoja wa wazee wa chama hiki, seremala aliyefuzu katika miaka hiyo, aliileta mbele ya kamati karatasi yake ya mtihani wa ufundi, imekunjwa mara nne na kuhifadhiwa ndani ya sanduku la vyombo. Alitueleza kwamba mwajiri wake wa kwanza aliisoma, akamsifu, kisha akamwandika kuwa kibarua. Alisema, "Mkono wangu haukunipunja, aliyenipunja ni mwenye kalamu." Maneno hayo tuliyaandika katika kumbukumbu za kikao.

Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 kituo cha Kabete kilitumika kuwafunza mafundi wa jeshi. Askari wetu walirudi wakijua magari, umeme na simu, na hakuna aliyeweza tena kusema kwamba Mwafrika hawezi mashine. Baada ya hapo shule za ufundi ziliongezeka, kama ile ya Thika, na ya Sigalagala iliyofunguliwa mwaka 1951. Mombasa ilipata chuo cha ufundi cha Waislamu kilichochangiwa na Sultani wa Unguja, Aga Khan na Mabohora, kikaanza kupokea wanafunzi mwaka 1951. Nairobi ilipata Royal Technical College, iliyopokea wanafunzi mwaka 1956, na Kenya Polytechnic mwaka 1961. Mwaka 1959 ilipitishwa sheria ya mafunzo ya viwandani, ili mkataba wa mwanafunzi kazini ulindwe na serikali.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, ofisi nyingi ziliachwa wazi na Wazungu waliokuwa wakiondoka. Aliyekuwa na cheti cha sekondari alipata meza upesi, na kila mzazi aliliona hilo. Lakini meza hazikuzaana kama watoto. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya liliuliza katika ripoti yake: baada ya shule, nini? Kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Katika miaka ya 1970 wananchi walichanga kwa Harambee wakajenga vyuo vya ufundi, na baadhi yenu mnaosoma haya mlitoa mbuzi na mahindi yenu.

Wale wasiopata chuo walijifungulia karakana wenyewe chini ya jua, wakaitwa jua kali. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani liliandika juu ya Kenya na kuonyesha kwamba mafundi hao si wazururaji, bali wanalisha watu wengi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea Kamukunji, akaagiza wajengewe vibanda.

Liko kosa moja ambalo ni letu wenyewe, si la mkoloni. Kila tulipojenga chuo cha mafundi, hatukutulia mpaka kimekuwa chuo kikuu. Royal Technical College ndiyo mzazi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopata jina hilo mwaka 1970. Chuo cha Mombasa na Kenya Polytechnic vilifanywa vyuo vikuu mwaka 2013. Hatukatai heshima hiyo. Lakini tumejenga paa juu ya paa, na nguzo za katikati tumezisahau. Tuna wahandisi wenye digrii, na wakati huohuo mwenye nyumba hutafuta mwezi mzima mtu wa kumwekea bomba lisilovuja.

Kosa la pili ni kuhusu binti zetu. Milango karibu yote tuliyoitaja ilifunguliwa kwa wavulana. Wasichana walifunzwa kushona na kupika. Leo wako wasichana wanaochomelea vyuma na kuunganisha nyaya za umeme, na kazi yao haina kasoro. Shauri hili lisipowahusu na wao, tutakuwa tumerudia ubaguzi tulioulalamikia.

Jibu la kamati kwa mzee wetu ni hili. Yeye hakukosea, alichokikumbuka kilikuwa kweli. Lakini historia yaonyesha kwamba ubaya haukuwa katika nyundo. Ulikuwa katika mambo matatu: kijana kunyimwa kitabu, fundi kunyimwa malipo ya haki, na ngazi kukatwa ili asipande juu zaidi. Kwa hiyo twapendekeza fedha zitolewe kwa masharti matatu. Kwanza, kijana awe amemaliza sekondari, ili hesabu na michoro visimshinde. Pili, awe na mkataba ulioandikwa, tena afanye mtihani wa serikali, asibaki mshika spana wa mtu mwaka hadi mwaka. Tatu, akifuzu, chama kimkopeshe sanduku la vyombo, na akitaka kuendelea na masomo ya juu mlango wa mfuko uwe wazi kwake kama kwa mwingine yeyote.

Wanachama walio mafundi twawaomba wajiandikishe kwa mwandishi wa chama, ili kila mmoja ampokee kijana mmoja kazini mwake. Yule seremala wetu amekwisha kuandika jina lake la kwanza katika orodha. Miguu yake imechoka, lakini asema ataketi kitini na kuelekeza kwa mdomo. Wazee walisema, ujuzi hauzeeki.

Shauri litaletwa tena katika mkutano mkuu ujao. Twamwomba mzee aliyepinga azungumze wa kwanza, kisha tupige kura.