Kasisi wa Llanrhaeadr, bastola na Biblia ya 1588

Septemba 10 ni siku aliyofariki Askofu William Morgan, mwaka 1604. Huyu ndiye aliyewapa Wawelshi Biblia nzima katika lugha yao. Lakini ukifika Llanrhaeadr-ym-Mochnant, kijiji cha Powys kaskazini mwa Wales alikofanyia kazi hiyo, utawakuta wageni wengi wamefuata mambo mengine: maporomoko ya Pistyll Rhaeadr yanayoshuka mita zipatazo 73, au mitaa ilikopigwa filamu ya Hugh Grant ya mwaka 1995. Kanisa la Mtakatifu Dogfan wanalipita tu, nalo liko pale pale kijijini.

Wanakosa mengi. Kanisa ni la mawe, lina mnara mnene, na ndani yake limehifadhiwa bamba la jiwe lenye msalaba uliozungukwa na nakshi za kusukana kama mkeka. Maandishi yaliyochongwa juu yake yanamtaja Cwgan mwana wa Edelstan, na bamba hilo lina umri wa kama miaka elfu moja. Vipo pia vipande vya mawe ya karne ya 12, vinavyodhaniwa kuwa mabaki ya hekalu dogo la mtakatifu. Kwa hiyo Morgan alipoletwa hapa kuwa kasisi mwaka 1578, watu walikuwa wameshasali mahali hapo karne na karne.

Alikuwa mtoto wa mpangaji wa shamba, mzaliwa wa Tŷ Mawr katika bonde la Wybrnant, na Kilatini, Kigiriki na Kiebrania alivisoma Cambridge. Bunge la Uingereza lilikuwa limeagiza mwaka 1563 kwamba Biblia itafsiriwe kwa Kiwelshi na iwe tayari ifikapo Machi 1567. Mwaka huo lilitoka Agano Jipya peke yake, kazi ya William Salesbury na wenzake, tena kwa tahajia iliyowatoa jasho wasomaji. Agano la Kale likabaki linamngoja mtu.

Mtu huyo alikuwa na ugomvi. Chimbuko lake ni binti mmoja wa Maesmochnant, mrithi wa mali. Mwenye ardhi jirani, Ifan Maredudd wa Lloran Uchaf, alikuwa amemwekea hesabu aolewe nyumbani kwake, mali ije upande wake. Kasisi akajitia katika posa hiyo, akasaidia binti aolewe na Robert Wynn wa ukoo mkubwa wa Gwydir, watu waliokuwa wafadhili wa Morgan tangu utotoni. Maredudd hakusamehe.

Kutoka hapo ni kesi juu ya kesi, hadi kwenye mahakama ya Star Chamber kule London. Majalada ya mashauri hayo ndiyo yanayotupa sura ya Morgan akiwa kijijini, nasi tuyasome kwa tahadhari, maana mdai na mdaiwa hawatoi ushahidi wa kumsifu mtu. Kila upande uliulaumu mwingine kwa fujo na vitisho. Kasisi alishtakiwa kwamba anaacha huduma ya parokia ilegee, na kwamba anaendesha ibada akiwa amebeba bastola chini ya kanzu. Wafuasi wake wana jibu: ungefanya nini, ikiwa maadui zako wanakungojea na silaha? Mimi nawaelewa, ingawa muumini wa kawaida aliyekuja kubatiza mtoto wake Jumapili hiyo angekuwa na haki ya kuuliza amekuja kanisani au kambini.

Na katikati ya vurugu hizo, tafsiri iliendelea. Katika utangulizi wake wa Kilatini kwa Malkia Elizabeth, Morgan anakiri kwamba ugumu na gharama za kazi vingemfanya aishie kwenye vitabu vitano vya Musa, kama si Askofu Mkuu Whitgift kumtia moyo. Wapo wanaoamini kwamba kesi zenyewe ndizo zilizomfikisha mbele ya Whitgift. Ikiwa ni hivyo, Maredudd ana sehemu yake katika Biblia ya Kiwelshi bila kukusudia.

Ili kuusimamia uchapishaji, Morgan alikaa London mwaka mzima, nyumbani kwa Gabriel Goodman, mkuu wa Westminster Abbey. Mafundi wa chapa hawakujua Kiwelshi, hivyo kila ukurasa ulihitaji jicho lake. Kitabu kikatoka mwaka 1588. Morgan akawa Askofu wa Llandaff mwaka 1595, kisha wa St Asaph mwaka 1601. Huko nako aligombana: safari hii na Sir John Wynn wa Gwydir mwenyewe, aliyetaka kukodishwa zaka za Llanrwst. Morgan akakataa katakata, akisema hiyo ni kulipora Kanisa.

Biblia yake ilisahihishwa mwaka 1620, na katika karne ya 18 shule za kuzunguka za Griffith Jones ziliwafundisha maelfu ya wakulima kuisoma. Mwaka 1800 msichana Mary Jones alitembea kama kilomita 40 hadi Bala kununua nakala yake, na kisa hicho kinahusishwa na kuanzishwa kwa Chama cha Biblia cha Uingereza na nchi za nje mwaka 1804. Chama hicho hicho ndicho kilichokuja kuchapisha tafsiri ya Kiswahili ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar.

Kinachouma ni kwamba Kanisa la Anglikana lenyewe halikuvuna sana. Wawelshi waliojifunza kusoma kwa Biblia ya kasisi huyo walihamia kwa wingi kwenye makanisa madogo ya Wamethodisti na Wabaptisti, wakapinga kulipa zaka, na mwaka 1920 Kanisa likaondolewa hadhi ya kuwa la serikali nchini Wales.

Leo makanisa mengi ya Wales yanafungwa au kuuzwa, na sensa ya 2021 iliwakuta wanaosema Kiwelshi ni asilimia 17.8 tu. Taifa linalojivunia lugha yake kwa haki kabisa lingeweza kulitunza na kulitangaza kanisa hili angalau kama linavyoyatangaza maporomoko.

Watanzania na Wakenya wanaoishi Uingereza, ambao wikendi hupanga basi moja kwenda kutembea, wasiishie majini. Llanrhaeadr si mbali na mji wa Oswestry. Waingie kwa Mtakatifu Dogfan, walione jiwe la Cwgan, na kabla ya kutoka watie chochote katika sanduku la matengenezo.