Matembezi ya Jumatano: Historia Fupi

Mwaka 1909, mjini Nairobi, wapenzi wachache wa wanyama, ndege na mimea waliunda East Africa and Uganda Natural History Society, chama tunachokiita leo Nature Kenya. Rais wake wa kwanza alikuwa Frederick Jackson, ofisa wa serikali aliyewapenda ndege maisha yake yote. Kitabu chake kikubwa kuhusu ndege wa Kenya na Uganda kilitoka 1938, miaka tisa baada ya kufariki kwake. Pamoja naye alikuwapo Mchungaji Harry Leakey wa misheni ya Kabete. Hawakukawia: 1910 walikuwa na jumba dogo la makumbusho pale ilipo sasa Nyayo House, na kutoka hapo yakachipuka Makumbusho ya Taifa tunayojivunia.

Hata hivyo, kwa miongo mingi chama kilibaki cha wachache. Aliyeufungua mlango ni Mama Fleur Ng'weno, na shukrani zetu kwake hazina kipimo. Mwaka 1971 alianzisha matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi. Mwanafunzi, mstaafu, mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege, wote walitembea mstari mmoja. Mwalimu ni njia yenyewe: unasimama, unasikiliza, unautafuta mtikisiko wa jani, ndipo unainua darubini. Kwarara anachomeka mdomo wake mrefu katika nyasi na kutoa mnyoo. Jua likimpiga bawani, ile rangi uliyodhania ya kawaida inageuka kijani na zambarau. Hapo anayeanza huacha kuuliza kama ndege wa mjini wana maana. Kuanzia Oktoba huja wageni kutoka Ulaya na Asia, keremkerem na mbayuwayu, na tunawapokea kama jamaa waliorudi nyumbani. Arboretum, City Park, Karura, bwawa la Manguo kule Limuru: viatu vyetu vinapajua kote. Vijana kadhaa walioanza kwa kutembea nyuma ya Mama Fleur leo ni wataalamu wa ndege wanaoheshimika.

Miaka ya tisini haikuwa myepesi kwa misitu ya jiji; ardhi ilitamaniwa na wengi. Profesa Wangari Maathai na wenzake walisimama kidete kuutetea msitu wa Karura, nao upo hadi leo.

Mengine kwa ufupi: jarida la ndege, Scopus, lilianza 1977; mradi wa vipepeo wa Kipepeo katika msitu wa Arabuko-Sokoke ukaanza 1993; chama kikaingia katika ushirika na BirdLife International; Makumbusho yakafungwa kwa ukarabati tangu 2005 hadi 2008; na janga la korona likafika 2020.

Msomaji, njoo Jumatano. Fika Makumbusho kabla ya saa tatu asubuhi, vaa viatu vya kutembelea, beba maji. Kama huna darubini, njoo vivyo hivyo.