Kutoka Kukaza hadi Kutoa Upepo: Msamiati wa Breki ya Nyuma ya Pikipiki

Historia ya istilahi za ufundi haianzii kamusini, huanzia gereji. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mafundi walikwisha kuwa na breki, klachi, gia na plagi. Yafaa basi tuchunguze jinsi maneno yao yalivyokua, na pale yanapoweza kuleta hatari.

Pikipiki za zamani zilizopita njia za vumbi kutoka Dodoma kwenda Kondoa au Mpwapwa zilikuwa na breki ya nyuma ya ngoma, iliyovutwa kwa fimbo au waya. Ilipolegea, fundi alikaza nati. Kitenzi "kukaza" kilieleza kazi yenyewe, wala hakikuwa na kasoro.

Baadaye chombo kilibadilika. Honda CB750 ya mwaka 1969 ilikuwa na breki ya kimiminika mbele tu, nyuma ikabaki ngoma. GL1000 Gold Wing ya mwaka 1975 ikawa nayo mbele na nyuma. Hapa pedali husukuma pistoni ndani ya masta silinda, na pistoni husukuma kimiminika hadi gurudumuni. Chombo kipya kikarithi maneno ya kale.

Pikipiki ya aina hiyo ikifikishwa gereji leo, mwenyewe husema, "Breki imelegea." Akilifuata neno, fundi atarefusha fimbo ya pedali ili "aikaze." Pistoni haitarudi hadi mwisho wake, tundu dogo la kurudishia kimiminika litazibwa, na breki itashika yenyewe hata gurudumu lipate moto. Kumbe ugonjwa ni mwingine. Pedali ikiwa laini, kisha ikapata nguvu kwa kukanyagwa mara kadhaa, yaelekea kuna upepo ndani. Ikiwa ngumu mwanzoni, kisha ikazama polepole chini ya mguu uliotulia, kimiminika kinapita mahali. Na pasipoonekana tone nje, raba za pistoni ndizo za kushukiwa kwanza.

Neno la pili la kuangaliwa ni "oili ya breki." Anayeambiwa oili atamimina oili ya injini, nayo huvimbisha raba za breki hizi na kuziharibu. "Kimiminika cha breki" ni refu zaidi, lakini halimdanganyi mtu. Tena kimiminika hicho hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu huleta kutu ndani ya silinda; kwa hiyo chombo chake kisiachwe wazi, wala vumbi la kiangazi cha Dodoma lisipewe nafasi ya kuingia.

Si kwamba mtaalamu daima humshinda fundi. Kiingereza husema breki "hutolewa damu"; mafundi wetu husema "kutoa upepo," nao wamesema kweli zaidi, kwa kuwa kinachotakiwa kutoka ni upepo. Neno hilo lastahili kuingia katika orodha sanifu kama lilivyo. Kwa "masta silinda," twaweza kupendekeza "silinda kuu," ili ipambanuke na silinda ya gurudumu inayoitumikia.

Istilahi nzuri, basi, si ile inayopendeza sikioni tu. Ni ile inayouelekeza mkono wa fundi penye ugonjwa, kabla mpanda pikipiki hajafika mteremkoni.