Bert Williams: Msanii Aliyevaa Sura Isiyo Yake

Katika madarasa ya siasa tumewahi kuulizwa swali hili: msanii anayewachekesha watawala kwa kuidhalilisha sura ya watu wake, je, ni msaliti au ni mnyonywaji? Swali hili halijibiwi kwa maneno makali. Hujibiwa kwa kuichunguza historia.

Bert Williams alizaliwa Nassau, katika koloni la Kiingereza la Bahama, mwaka 1874. Alihamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto. Utumwa ulikuwa umefutwa huko mwaka 1865, lakini ubaguzi ulibaki, kwa sheria na kwa desturi. Tangu miaka ya 1830 waigizaji Wazungu walikuwa wakijipaka masizi usoni na kumwonyesha Mweusi kuwa mvivu, mwizi na mjinga. Uongo huo ulikuwa biashara, na ulikuwa pia silaha ya kisiasa. Mtu aliyekwisha kufanywa kichekesho ni rahisi kunyimwa haki zake.

Mwaka 1893, mjini San Francisco, Williams alikutana na George Walker, wakaanza kuigiza pamoja. Walijitangaza kuwa wao ndio Weusi halisi, si Wazungu wa masizi. Lakini Williams, ambaye rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde, naye alijipaka masizi ili apate soko. Hapa ndipo penye mgongano wenyewe: Mtu Mweusi alimwigiza Mweusi aliyebuniwa na Mzungu.

Hata hivyo, wawili hao hawakukubali tu. Mwaka 1903 walipeleka Broadway mchezo wa *In Dahomey*, uliotungwa na kuchezwa na Weusi, na mwaka huo huo wakauonyesha London mbele ya Mfalme Edward wa Saba. Dahomey yenyewe ilikuwa imekwisha kutekwa na Wafaransa mwaka 1894. Jina la Afrika lilishangiliwa ukumbini huku Afrika ikiwa chini ya buti. Mwaka 1908, pamoja na wenzao, waliunda chama cha wasanii Weusi kilichoitwa The Frogs. Walitambua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Walker aliugua mwaka 1909, akafariki mwaka 1911. Williams, akiwa peke yake, aliingia katika maonyesho ya Ziegfeld mwaka 1910. Baadhi ya waigizaji Wazungu walitishia kuondoka. Mwenye kampuni hakuwasikiliza. Tusiharakishe kuiita hiyo haki. Williams alikuwa akijaza viti. Alifariki New York mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 47, na masizi hakuyaacha.

Tuepuke makosa mawili. La kwanza ni kumlaani Williams kana kwamba ndiye aliyeanzisha kasumba ile. La pili ni kumsifu kana kwamba umaarufu wake ulikuwa ukombozi wa Weusi. Kipaji kilikuwa chake, bali jukwaa lilikuwa la wengine, na mwenye jukwaa ndiye aliyeamua sura itakayoonekana. Mtu mmoja kupanda hakuubomoi ukuta unaowazuia wengi.

Kwa hiyo, kada anapoutazama mchezo wowote, aulize kwanza: jukwaa hili ni la nani, na anayechekwa ni nani?