Kariakoo: Mitaa ya Ngoma, Siasa na Marobota

Msafiri apitaye Mbalizi kwa njia kuu iendayo Tunduma huona, kila mabasi ya Dar es Salaam yawasilipo, marobota yakishushwa kando ya barabara, yamefungwa mikanda ya plastiki na kuandikwa kwa wino mweusi jina la mwenyewe na la mji wake. Na ndani yake mna vitenge, viatu, sufuria na madaftari ya shule, vitu ambavyo kabla ya siku kwisha vitakuwa vimekwisha kutawanyika madukani. Hivyo ndivyo aghalabu sisi wa Nyanda za Juu tuijuavyo Kariakoo: kwa bidhaa zake na bei zake. Tarikhi yake hatuisomi, ilhali katika mitaa ile, iliyo mbali nasi kwa zaidi ya kilomita 800, ndimo ilimokulia siasa ya nchi hii.

Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga nyumba ya soko mahali pale vita vya 1914 vilipozuka. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakapafanya kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi, wanaume waliotolewa vijijini katika pande zote za nchi wabebe vyakula na risasi vichwani, ambao maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa maradhi na dhiki, wala wengi hawakupata kaburi lenye jina. Kambi ikaondoka, jina la kikosi, Carrier Corps, likabaki vinywani mwa watu: Kariakoo. Kisha dola mpya ikaugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni upepo wa bahari uvumapo, Uhindini penye maduka, na Waafrika nyuma ya hao wote, na baina ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, ili watu wasichanganyike.

Kilichowachanganya watu ndani ya Kariakoo kwenyewe kilikuwa nyumba. Nyumba ya Kariakoo ya zamani, iliyokandikwa kwa udongo na kuezekwa makuti, na baadaye bati, ilikuwa na baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba upande huu na upande huu, na nyuma yake ua uliozungushiwa ukuta, wenye jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Mwenye nyumba alijiwekea chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha, hata chini ya paa moja wakakaa Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mnyasa, wakiazimana chumvi na kuuguzana. Jioni barazani wanaume walicheza bao na kusomeana gazeti, mathalan *Kwetu*, alilolianzisha Erica Fiah mwaka 1937. Na uani wanawake walisuka mikeka, wakakaanga vitumbua vya kuuza asubuhi, wakazifanyia mazoezi nyimbo za ngoma zao.

Nasema kwa yakini kwamba bila baraza na ua huo harakati za uhuru zingalichukua njia nyingine, na pengine ndefu zaidi. African Association, iliyoasisiwa mwaka 1929, ilikuwa na nyumba yake New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Abdulwahid Sykes, ambaye baba yake Kleist alikuwa katibu wa kwanza wa chama kile cha zamani, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo katika miaka hiyo, mtu aliyejuana na wauza ndizi kama alivyojuana na wasomi. Mwaka wa pili yake, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipozuru na kuuliza iko wapi sehemu ya wanawake, akatokea Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Yeye hakuanza kwa risala wala katiba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaleta wanachama wao, na kwa miezi michache maelfu ya wanawake wakawa na kadi. Walikuwa wamekwisha kujifunza uani namna ya kuchangishana, kutunza fedha na kutiiana. Siasa iliwakuta tayari. Vitabu vya shule huwataja upesi mno, na hiyo ni dhulma.

Ngoma haikuwa peke yake. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa ikipiga tangu 1932. Vilabu vya taarabu vya Egyptian na Al-Watan vilishindana kwa mavazi na kwa nyimbo. Na Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, zilizogawanya nyumba za watu hata mume na mke wasisemezane siku ya mechi, zote mbili zina maskani yake mitaani humo hadi leo.

Baada ya uhuru Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki, alipewa kazi ya kujenga soko jipya, akainua miavuli mikubwa ya zege ipitishayo upepo juu na kuyapeleka maji ya mvua kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 1975. Kwangu mimi hilo ni jengo adhimu kuliko mengi yaliyojengwa baada yake, na moto ulioliunguza usiku wa tarehe 10 Julai 2021 uliniumiza kama msiba wa jamaa.

Serikali ilipolegeza masharti ya biashara mwaka 1984, baada ya miaka ya foleni na ya msako wa wahujumu uchumi, mali ikaanza kumiminika, kwanza kutoka Dubai, kisha kutoka Guangzhou, na ardhi ya Kariakoo ikapanda thamani hata warithi wasiweze kukataa. Nyumba moja baada ya nyingine ikauzwa au kutolewa ubia, ikavunjwa, na mahali pake pakasimama ghorofa lenye maduka chini hadi juu, na bohari ambapo zamani palikuwa na ua. Wenyeji wakahamia Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto. Siwalaumu waliouza, kwa maana mwenye nyumba ya vyumba sita na ndugu kumi hana hiari kubwa; nawalaumu waliopaswa kupima nguvu ya majengo wasipime, kwani tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka asubuhi, likaua watu zaidi ya 20, wengi wao wachuuzi na vijana wa dukani waliokuwa kazini.

Hata hivyo siasa haikuhama pamoja na wenyeji. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka kwa kulalamikia kodi na namna ya kutozwa, na kwa kuwa katika maghorofa yao hapana baraza, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwasikiliza Mnazi Mmoja, kwenye uwanja ule ule ulioachwa wazi ili watu wasikutane. Walipofunga tena mwezi Juni 2024, wenzao wa mikoani waliwafuata, Mbeya wakiwamo; na mwenye duka wa Mbalizi, ambaye robota lake lilikuwa limelala bohari ya Kariakoo, alikuwa mshiriki wa shauri hilo, apende asipende.