Mkimbiaji wa mbio ndefu naye anahitaji nguvu

Septemba 15, 2025, mjini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros, wa pili, aliandikiwa muda huohuo. Walitenganishwa na sekunde 0.03 tu. Kilomita 42 ziliamuliwa na kasi ya hatua za mwisho, na kasi hiyo hutoka kwenye nguvu ya miguu.

Kuijenga hakuhitaji jimu. Mkimbiaji wa Mawengi ana mlima mlangoni kwake. Ukishapasha mwili joto, panda kwa kasi kwa sekunde 10 hivi, shuka ukitembea, rudia mara sita. Usishuke mbio, huko ndiko magoti huumia. Siku nyingine chuchumaa na kusimama mara 10 hadi 15, kisha simama kwa mguu mmoja ukiinua na kushusha kisigino.

Kosa la kawaida, hasa timu za shule zinapojiandaa kwa UMISSETA, ni kurundika mazoezi haya kila siku. Misuli hujengeka ikipumzika, hivyo mara mbili kwa wiki zinatosha. Na kijana aliyeshinda shambani na jembe, kocha amhesabie kwamba zoezi la siku hiyo keshalifanya.