Ati watu wa Kibera hawalipi kodi?

Msimu wa bajeti ukifika, lazima mtu aandike: "Watu wa Kibera hawalipi kodi, mbona pesa za walipa kodi ziende huko?" Mimi naishi hapa Olympic na nasomea sayansi ya siasa, kwa hivyo hiyo sentensi inanigusa mara mbili. Sitaji chama wala mwanasiasa. Twende historia.

Kibra ni neno la Kinubi, maana yake msitu. Wanajeshi Wanubi wa King's African Rifles, wenye asili ya Sudan, walianza kupewa mahali pa kukaa hapa 1904. Mwaka wa 1918 wakoloni wakatangaza rasmi ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Hati hawakupewa. Miaka ya 1930 tume ya ardhi ikasema hao ni wapangaji tu wa Mfalme, wanaweza kuondolewa. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa kodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Mwafrika alianza kutozwa kodi ya kibanda, na 1910 ikaja kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na kibanda. Haikuuliza unapata ngapi. Ilitaka pesa taslimu, na pesa taslimu ilipatikana kwa kumfanyia mzungu kazi. Hivyo ndivyo wengi walivyojikuta Nairobi.

Walowezi je? Walipoletewa kodi ya mapato 1921 walipiga kelele mpaka ikaondolewa. Ilikuja kukaa 1937. (Kwa hivyo kukataa kodi Kenya hakukuanzishwa na Gen Z, jamani.)

Baada ya uhuru mtindo ulibadilika. Mwaka wa 1973 ikaja kodi ya mauzo, na 1990 nafasi yake ikachukuliwa na VAT. Hii haiji na chifu mlangoni, inakaa ndani ya bei: sabuni, airtime, nauli ikipanda kwa sababu ya mafuta.

Mfano unaoniuma zaidi ni mafuta ya taa. Mwaka wa 2018 iliwekwa ada ya shilingi 18 kwa kila lita, ati kuzuia wafanyabiashara wasichanganye mafuta ya taa na dizeli. Anayechanganya ni mwenye lori. Anayelipa ni mama anayepikia stovu kwa chumba kimoja kule Gatwekera. Na jina lake haliko popote. Mwenye payslip huona PAYE yake imeandikwa, ndiyo maana anaweza kusema "pesa yangu". Huyu mama analipa kila jioni na hana karatasi ya kuonyesha.

Hapa nitakuwa mkweli: kuna kitu hao wabishi wanasema kilicho na ukweli. Wenye nyumba za mabati, wengi wao wakiishi kwingine, hukusanya kodi ya nyumba kila mwezi bila kulipia ardhi wala, mara nyingi, mapato. Lakini hao siyo wapangaji wao. Tunamlaumu anayelipa mara mbili kwa dhambi ya asiyelipa hata mara moja.

Turudi kwa ile ardhi. Ikiwa watu ni wapangaji wa serikali, kuwawekea bomba la maji au mtaro ni kama kukiri kwamba watabaki. Kwa hivyo bomba halikuwekwa, na kukosekana kwa bomba kukawa ushahidi kwamba ni mtaa wa muda. Wakati huohuo ardhi ilikatwa vipande ikajengwa estate zenye hati. Hii Olympic yetu ni mojawapo, Ayany pia. Ukivuka barabara tu, mambo ni mengine. Mwaka wa 2017 Wanubi walipata hati ya jamii ya ekari 288. Fanyeni hesabu wenyewe na zile 4,197.

Na maji? Ripoti ya UNDP ya 2006 ilisema watu wa mitaa ya mabanda Nairobi hulipia lita moja ya maji mara 5 hadi 10 ya bei wanayolipa matajiri wa mji huohuo. Hao matajiri maji yao hupita kwenye bomba lililojengwa kwa pesa za umma.

Mlio Kawangware, mtungi wa lita 20 leo ni ngapi? Andikeni hapa chini. Na mtu wa Lavington, hapo ng'ambo tu, aweke bili yake ya mwezi tulinganishe.